Programu ya video kwenye Linux: Bei ni sifuri, mtihani uko kwenye kompyuta

MWANZA: Tangu kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya marekebisho kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, kompyuta nyingi za mitumba zisizotimiza masharti ya Windows 11 zimebakiwa na njia chache. Mojawapo ni kuwekewa Linux, mfumo usiolipiwa leseni. Kwa mwenye kibanda cha video Igoma, au anayetaka kufungua kimoja Nansio, swali linalofuata ni kwamba filamu zitaonyeshwa kwa programu gani.

Jibu la kwanza ni VLC. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na tangu 2001 inatolewa kwa leseni huria. Inasoma VCD za zamani na mafaili ya kwenye flashi bila shida. DVD zilizofungwa kwa kinga ndizo hudai kipande cha ziada kiitwacho libdvdcss. Vitufe vyake vinaeleweka hata kwa kijana aliyeajiriwa jana.

Anayetaka wepesi zaidi atazame mpv, iliyotokana na MPlayer ya zamani. Hii hutegemea kibodi: herufi f hujaza kioo, q hufunga. Ni nzuri kwa mashine dhaifu, ila mfanyakazi asiyezoea kibodi atahangaika mbele ya wateja waliokwisha kulipa kiingilio. Celluloid ni mpv hiyo hiyo iliyovishwa vitufe.

Hata hivyo, hasara kubwa haitoki kwenye programu. Filamu nyingi siku hizi hubanwa kwa mtindo wa H.265 ili faili liwe dogo, na kulifungua faili hilo ni kazi nzito. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, zilizotoka 2015, zina sehemu maalum ya kazi hiyo (katika mpv huwashwa kwa Ctrl na h). Nyingi za kabla ya hapo hutumia nguvu zote kulifungua faili: picha inakwama, sauti inatangulia, feni inalia. Kwa anayetegemea betri ya sola kisiwani, umeme huisha kabla ya filamu ya pili.

Wenye mitaji wakumbuke pia kwamba programu ni bure lakini filamu si bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa maonyesho ya hadharani, hivyo ruhusa ya mwenye filamu iingie kwenye hesabu pamoja na viti na projekta.

Mnunuzi mwangalifu huingia dukani na flashi yenye filamu mbili, moja ya H.264 na nyingine ya H.265, akaomba zionyeshwe kwenye Linux kwa dakika 10 kabla ya kutoa fedha. Kwa anayevuka kwenda Ukerewe, programu zote ziwekwe na kujaribiwa mjini kabla ya kupanda kivuko. Kuzipakua baadaye kwa bando la simu ni gharama nyingine.