Safari njema, lakini mbwa umemwachia nani?

Shule zimefungwa, watoto wamefungasha nguo na nauli ya basi imekwisha kulipwa. Madirisha yamefungwa, stima imezimwa na jirani ameombwa aiangalie nyumba. Lakini je, msomaji mpendwa, yule mbwa aliyelala kando ya lango umemwachia nani?

Wengi watajibu, "Ameachiwa bawabu." Wengine watasema kijana wa jirani atakuwa akipita kumpa chakula. Jibu hilo huonekana kutosha mpaka siku simu ilie ukiwa Kakamega au Voi, uambiwe kwamba Simba anatokwa na povu mdomoni na hakuna ajuaye amekula nini.

Sisi madaktari wa mifugo tunaijua simu hiyo. Huja zaidi wakati wa likizo. Na mara nyingi kilichomdhuru mnyama hakikutoka nje ya ua. Kilikuwa mle mle nyumbani, na mwenye nyumba alikijua vizuri. Asiyekijua ni yule aliyeachwa na mnyama.

Ndiyo maana nasema kwamba kumwachia mtu mbwa au paka si kumwachia bakuli na gunia la chakula tu. Ni kumwachia pia yale yote unayoyajua kuhusu mnyama huyo na kuhusu nyumba yako.

Sumu ya panya

Tuanze na hatari iliyo kubwa zaidi. Kabla ya kusafiri, watu wengi hutega sumu ya panya stoo au jikoni, kwa kuwa wanajua nyumba ikiwa tupu panya hutawala. Mwenye nyumba anakumbuka alikoiweka. Bawabu anayefungua stoo kuchukua jembe hakumbuki, maana hakuambiwa.

Sumu hizi si za aina moja. Ziko zinazozuia damu kuganda. Mbwa akiila hii leo, kesho ataonekana mzima kabisa. Baada ya siku 2 hadi 5 ndipo huanza kulegea, fizi zake huwa nyeupe na damu huweza kumtoka puani au katika choo. Akifikishwa kwa daktari mapema huokolewa kwa vitamini K, ambayo hupewa kwa wiki kadhaa. Akicheleweshwa, hufa.

Ziko nyingine, hasa zile zinazouzwa na wachuuzi katika vifuko visivyo na jina, ambazo huua haraka. Mnyama hutokwa na mate mengi, hutetemeka na kukakamaa kabla hata hujapata gari la kumpeleka popote. Vifuko hivyo havifai kuwamo katika nyumba yenye mnyama, wala yenye mtoto.

Paka naye anaweza kudhurika kwa kumla panya aliyekwisha kula sumu. Kwa hivyo ukisafiri, ondoa sumu yote. Tumia mtego wa kawaida uliowekwa mahali asipofika mnyama.

Dawa ya binadamu si ya paka

Hatari ya pili hutokana na huruma. Aliyeachiwa paka anamwona amejikunyata na hataki kula. Anamhurumia, anaingia kabatini na kumpa kipande cha dawa ya maumivu, ile inayomsaidia yeye mwenyewe akiumwa na kichwa.

La hasha! Tembe moja tu ya parasetamoli ya miligramu 500 yaweza kumuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu na uso huweza kuvimba. Mbwa naye akipewa ibuprofeni huweza kupata vidonda tumboni na figo zake kuharibika.

Vivyo hivyo kwa dawa za kupe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyonunuliwa kwa agroveti si ya kumpaka paka. Hata dawa nyingine za kupe zilizotengenezewa mbwa, hasa zenye pemethrini, humuua paka. Paka hujilamba mwili mzima, hivyo chochote utakachompaka mgongoni atakimeza.

Jikoni na bustanini

Jikoni kuna mengi ambayo mtu mwema atampa mbwa kama zawadi, hasa siku ya Krismasi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha, ikamkwama kooni au ikamtoboa utumbo. Vitunguu, viwe vibichi au vya mchuzi, huharibu damu ya mbwa na ya paka. Chokoleti, zabibu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli pia ni sumu kwa mbwa.

Unga wa mandazi uliotiwa hamira usiachwe wazi. Mbwa akiula mbichi, utaendelea kuumuka ndani ya tumbo lake.

Uzi na sindano ya kushonea ni hatari kwa paka, ambaye huanza kwa kuchezea uzi na kuishia kuumeza. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au sehemu ya nyuma, usiuvute! Utamkata matumbo. Mpeleke kwa daktari ulivyo.

Bustanini pia tazama vizuri. Liko lile ua linalopendwa sana mijini ambalo huchanua zambarau, likafifia, kisha likawa jeupe, yote hayo katika kichaka kimoja. Kwa Kiingereza hupewa jina lenye maana ya jana, leo na kesho. Mbegu zake humtia mbwa kifafa. Mayungiyungi unayonunua ya kupamba meza nayo huharibu figo za paka, hata akilamba tu chavua iliyomwangukia manyoyani.

Nani anafaa?

Sasa tumtafute wa kumwachia. Kwa kawaida utachagua mmoja kati ya watatu: mtu wa kukaa nyumbani kwako, mtu wa kupita kila siku, au mahali pa kulipia ambapo mbwa hutunzwa mpaka urudi.

Paka hupenda nyumba kuliko watu. Mara nyingi ni afadhali abaki alipozoea na mtu awe akija mara mbili kwa siku. Usidanganyike kwamba paka atajitegemea kwa kuwinda. Paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku 2 au 3 bila kula huweza kupata ugonjwa mbaya wa ini. Na paka dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mwambie unayemwachia mambo haya mawili.

Mbwa huhitaji mtu zaidi. Ukimpeleka mahali pa kulipia, nenda upatazame kwanza. Nusa. Angalia maji yaliyomo katika bakuli. Uliza kama wanadai kadi za chanjo. Wasipodai yako, hawakudai ya yule mbwa wa banda la pili, na ugonjwa wa parvo hukaa katika udongo kwa miezi mingi ukingoja mtoto wa mbwa asiyechanjwa.

Ukimwachia mtu nyumbani, awe mtu mzima. Asiwe mtoto wa jirani, hata akiwa anampenda mbwa huyo namna gani. Mbwa aliyeachwa na wenyewe huwa na wasiwasi na huweza kumng'ata anayemwekea chakula. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mwite mtu huyo siku 2 au 3 kabla ya safari. Amlishe mbwa mbele yako. Atembee naye. Mbwa akikuona ukiongea vizuri na mgeni, humkubali upesi.

Usiseme tu, andika

Watu wengi hutoa maagizo langoni huku gari likinguruma. Aliyeagizwa huitikia "sawa, sawa", na kufikia jioni amesahau nusu. Chukua karatasi uandike, kisha uibandike jikoni. Inaweza kuwa hivi:

"Simba, mbwa dume, miaka 4. Anakula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ugali na omena, bakuli moja. Asipewe mifupa ya kuku. Maji yabadilishwe kila siku. Anaogopa fataki, kwa hivyo usiku wa kufunga mwaka afungiwe ndani. Lango lifungwe kabla hajafunguliwa. Chanjo ya kichaa alipata Juni, kadi iko katika droo ya jikoni. Asipokula siku nzima, akitapika zaidi ya mara mbili au tumbo likifura, mwite daktari bila kuningoja mimi."

Chini yake andika nambari ya simu ya daktari wako na ya jamaa mmoja anayekaa karibu. Sentensi ile ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu aliyeachiwa mnyama huogopa kutumia pesa za mwenyewe, na uoga huo humchelewesha. Mpe ruhusa kwa maandishi. Zungumza na daktari kabla ya kuondoka, mkubaliane kiasi cha kutumia, na uhakikishe utaweza kuzituma kwa simu.

Akila sumu, fanyeni nini?

Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu imani ni nyingi. Maziwa hayaondoi sumu. Sumu nyingine huingia mwilini upesi zaidi zikichanganyika na mafuta ya maziwa. Maji ya chumvi huweza kumuua mbwa yenyewe. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si sawa na yale makaa maalumu tunayotumia hospitalini.

Usimtapishe mnyama anayetetemeka au aliyezirai, wala aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kufulia nguo. Kimdhurucho kikipanda tena, huweza kuingia mapafuni.

Cha kufanya ni hiki. Mwondoe penye sumu. Chukua kifuko, chupa au hata matapishi, uweke katika mfuko. Piga simu kwa daktari, umwambie amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Kisha mlete. Kile kifuko hutusaidia kujua dawa ipi ya kutumia.

Usisahau chanjo

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na hadi leo hatujakimaliza. Serikali ilijiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nacho ifikapo 2030, na njia kuu ya kulifikia ni kuwachanja mbwa. Mchanje mbwa wako, na paka pia, akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Ikiwa muda wake umepita, mchanje angalau wiki 2 kabla ya safari ili kinga ipate nafasi ya kujijenga.

Mwambie pia unayemwachia kwamba akikwaruzwa au aking'atwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asingoje uchungu uishe. Dalili za ugonjwa huu zikijitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo.

Na kwa wale wanaofunga lango wakidhani mbwa atajipatia chakula mwenyewe, sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, huhesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa kosa. Ikiwa kwa kweli huna wa kumwachia, muulize daktari wako. Aghalabu sisi huwajua watu waaminifu wanaoifanya kazi hii.

Kwa hivyo kabla hujapandisha mizigo garini, mshike mkono yule unayemwachia nyumba, mzunguke pamoja. Mfungulie stoo, mwonyeshe kabati la dawa, mwonyeshe ua lenye sumu na droo yenye kadi. Itawachukua nusu saa. Basi halitakuacha kwa sababu ya nusu saa ukianza mapema, na huko uendako utalala usingizi.