Karakana ya Shaba: Pesa Huungulia Wapi?

Fundi anayetaka kufungua karakana ya mapambo ya shaba njano huko Kibera au Kawangware, Nairobi, huanza kwa kuulizia bei ya mota ya kung'arishia. Mota inaonekana, ina kelele, na mteja akiingia akaikuta inazunguka anaamini kwamba amefika kwa mtu wa kazi. Mimi ningeinunua mwisho. Katika kazi hii pesa nyingi haziendi kwenye mashine. Zinaungua na makaa, zinapaa na moshi wa zinki, na zinalala kwenye kile kikapu cha vipande vilivyotoka na matundu ambavyo hakuna mteja atakayevilipia.

Tuanze na malighafi, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Shaba njano, ambayo wauzaji wa vyuma kuukuu huiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mtaani hupatikana kwenye mifereji ya zamani, kufuli, viungio vya mabomba na vali za mitungi. Zamani mfereji mzito ulikuwa brasi na maneno yakaishia hapo. Siku hizi mingi ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, inang'aa kama kioo. Muuzaji atakuapia: "Boss, hii ni brasi tupu." Usibishane naye. Toa sumaku kwanza: ikinata, ndani mna chuma. Isiponata, chukua tupa na ukwaruze pembeni mpaka kromu itoke. Brasi huonyesha rangi ya dhahabu, aloi ya zinki huonyesha kijivu. Hata mkono ukizoea unaweza kupima, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya brasi ina zaidi ya gramu 8, ilhali ile aloi haifiki 7. Kipande kimoja cha aloi hiyo kikiingia chunguni huyeyuka mapema sana, chini ya nyuzi 400, na kuharibu mchanganyiko wote. Utapata bangili inayovunjika ukiigonga mezani.

Vifaa vya hatua hii ni sumaku, tupa na mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Havifikii hata robo ya bei ya mota, na ndivyo vinavyolinda mtaji.

Kuna mzigo mmoja wa kukataa hata ukiletwa kwa bei ya bure: maganda ya risasi za bunduki. Ni kweli kwamba brasi yake ni nzuri mno, asilimia 70 shaba na 30 zinki, laini ya kukunjika bila kupasuka, na ndiyo maana viwanda vya risasi duniani kote huitumia. Lakini risasi nzima moja tu ikijificha ndani ya gunia itakulipukia tanurini, na kitako cha ganda lililokwisha kupigwa mara nyingi huwa na masalia ya madini ya risasi. Isitoshe, Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiye na leseni kukaa na risasi, na afisa atakayekuta maganda karakanani hatakusikiliza ukimweleza habari za hereni. Risasi za humu nchini zina kiwanda chake Eldoret. Zisiletwe Gatwekera, Kibera.

Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 nayo si ya kupuuzwa. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka Nairobi na nchi kukosa stima, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu hadi Mei mwaka huo. Karakana zilizotegemea gunia la leo kwa kazi ya leo zilifunga. Zilizokuwa na akiba ya mwezi mmoja na risiti za mahali mali ilikotoka zilipumua. Basi katika hesabu yako, akiba ya malighafi iwe gharama halali, na daftari la risiti liwe kifaa kama koleo lilivyo kifaa.

Sasa moto. Brasi ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 900 na 940 za selsiasi, na zinki iliyomo ndani yake, ikiwa peke yake, huchemka kwenye nyuzi 907. Ukizielewa namba hizo mbili umeelewa nusu ya kazi. Unapoiyeyusha brasi, zinki tayari inatafuta njia ya kutoka. Ukizidisha moto kidogo tu, utaona mwali wa kijani kibichi uliochanganyika na weupe juu ya chungu, kisha moshi mweupe mzito unaoacha unga kama sufi kwenye ukingo. Kijana asiyejua hufurahia: moto umeshika! Kumbe anachokitazama ni mtaji wake ukipaa juu ya mabati. Brasi iliyopoteza zinki hubadilika rangi ikaelekea wekundu, humiminika kwa uzito, na oda ya bangili 50 inatoka na rangi tatu tofauti.

Kwa hiyo chungu cha kuyeyushia ndicho kifaa cha kwanza cha kutumbukizia pesa. Wengi hukata kipande cha bomba la chuma, wanachomelea kitako, wanaanza kazi. Kwa alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, kinavumilia. Kwa joto la brasi chuma huliwa, hutoa magamba yanayoingia kwenye kazi, na siku moja kitako hutoboka huku shaba ikimwagika juu ya makaa. Chungu cha grafiti na udongo ni ghali dukani, lakini bei yake isihesabiwe kwa shilingi za siku ya kununua. Igawanye kwa idadi ya mara kitakazoyeyusha. Chukulia chungu cha Sh3,000 kikitumika mara 30: kila myeyusho umegharimu Sh100. Cha bomba cha Sh500 kikifa baada ya mara 4 kimekula Sh125 kila mara, bado hujahesabu shaba iliyomwagika. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Cha grafiti nacho kina masharti yake: kikaushwe taratibu kabla ya moto mkali, kisibanwe ukingoni kwa koleo la kubahatisha, na kisijazwe vipande vikubwa vya baridi kwa nguvu, kwa maana vikitanuka hukipasua.

Makaa ni mwizi wa pili. Tangu serikali izuie ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya gunia imekuwa ya kupanda tu machoni pa fundi, hata baada ya marufuku hiyo kulegezwa mwaka 2023. Hapa kuna siri ambayo si siri: chungu cha kwanza cha asubuhi hula makaa mengi kuliko vya pili na tatu, kwa sababu kwanza unalipasha moto tanuri lenyewe. Anayeyeyusha chungu kimoja kila siku hulipia tanuri baridi mara sita kwa wiki. Anayekusanya kazi ya wiki nzima akayeyusha Jumanne na Ijumaa hulipia mara mbili. Sijui fundi aliyepata punguzo kubwa hivyo kwa kubembelezana na muuza makaa. Tanuri likizungushiwa matofali ya diatomaiti yanayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, nyuma ya ukuta wa udongo unaohimili moto, joto halipotei ovyo. Ila usiyaweke matofali hayo yatazamane na mwali moja kwa moja, hayatadumu. Feni ndogo ya umeme yenye kidhibiti cha mwendo ni bora kuliko mivukuto ya mkono, si kwa nguvu bali kwa utulivu: hewa isiyopandapanda haiunguzi zinki ovyo.

Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware ni futi 10 kwa 10, na kuyeyushia ndani ni kujiua. Moshi wa zinki huleta homa inayokuja saa kadhaa baadaye, jioni: baridi ya mwili, kiu, ladha ya chuma mdomoni, viungo kuuma. Mtu hukimbilia kupima malaria na kukuta hana. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, na wahunzi wa nchi nyingine waliipa jina la homa ya Jumatatu, kwa kuwa mwili uliopumzika wikendi huishika upya kwa ukali. Kunywa maziwa, dawa inayosifiwa katika kila karakana niliyoingia, hakuoshi mapafu. Yeyusha nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Vaa pamba na viatu vya ngozi, usivae nailoni wala malapa. Mwaga mchanga mkavu mahali pa kumiminia, kwa kuwa shaba ya moto ikianguka juu ya saruji yenye unyevu, mvuke huirusha saruji vipande vipande.

Niseme jambo ambalo wauzaji wa mapambo hawalipendi. Hadithi ya kufuli kuukuu lililogeuka bangili imeuza mzigo mwingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale majina makubwa ya mitindo kama Vivienne Westwood yalipoanza kuagiza kazi kutoka Nairobi. Hadithi ni tamu na ni ya kweli. Tatizo ni kwamba brasi ya kufuli na ya viungio vya mabomba mara nyingi hutiwa madini ya risasi makusudi, asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu mapambo yenye risasi kuzidi asilimia 0.05 ya uzito. Zigawanye: kufuli la kawaida linaweza kuzidi kikomo hicho mara 40 au zaidi. Mnunuzi wa Berlin akipeleka sampuli maabara, kontena zima linarudi, na gharama inarudi kwa fundi wa Makina, Kibera.

Tena shida haiko Ulaya tu. Mahakama ya Mombasa ilipoamua mwaka 2020 kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, waliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, Wakenya wengi walisikia kwa mara ya kwanza jinsi risasi inavyoingia kwenye damu ya mtoto na kukaa. Karakana ya shaba haifanani na kiwanda kile kwa ukubwa, lakini unga wa kusaga unaobebwa kwenye shati la baba hadi kitandani pa mtoto ni njia ileile. Shati la kazi libaki kazini.

Ndiyo maana kwa vitu vya kuvaliwa mwilini mimi hushauri kununua bamba la brasi isiyo na risasi, lenye cheti cha muuzaji, na kulifanyia kazi baridi: mkasi wa bati, msumeno mwembamba wa sonara, nyundo ya kichwa cha mviringo, fuawe dogo. Bamba ni ghali kwa kilo, hilo halina ubishi. Lakini halina makaa, halina chungu, halina matundu, na mabaki yake ni safi, ukiyauza yana bei. Likigongwa likawa gumu, lipashe moto hadi lionyeshe wekundu hafifu gizani, liache lipoe, litakunjika tena. Brasi ya kufuli ibaki kwa vishikio vya milango, vibweta, vinyago vya mezani.

Mfupa na pembe ni jirani wa shaba katika karakana hizi, na Kawangware ina bahati ya kuwa karibu na machinjio ya Dagoretti. Kusaga mfupa kwa gurudumu la kasi huuunguza ukawa na rangi ya chai, basi hapa mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika hufaa kuliko ile ya 2,800 inayong'arisha shaba vizuri. Mtu mwenye mota moja tu aweke puli mbili za vipimo tofauti. Umeme wa mtaani unaoshuka volti jioni huchoma mota za bei rahisi: volti ikishuka huku kazi ni ileile, mota huvuta mkondo zaidi na nyaya zake hupata moto. Kama huna kidhibiti cha volti, ng'arisha asubuhi. Na barakoa ya vumbi, kwa mfupa, si ya hiari.

Mwisho wa siku nataka fundi aandike hesabu moja tu. Chukulia siku imekula Sh2,400 za makaa, mshahara na kodi ya banda, bila kuhesabu shaba, na vipande 40 vimetoka kwenye kalibu za mchanga. Wengi huandika Sh60 kwa kipande. Lakini 10 vina matundu, na shaba yake itarudi chunguni bila makaa wala mikono iliyoitengeneza. Gawanya kwa 30: kipande kimegharimu Sh80. Ukiwa umekubali oda kwa Sh75, umefanya kazi ya hasara na hujui. Matundu mengi huletwa na mchanga wenye maji kupita kiasi, chungu kilichozidi moto, na mdomo mwembamba wa kumiminia. Mchanga sahihi ukiufumbata kiganjani hushikamana, ukiuvunja huvunjika safi vipande viwili na hauachi maji mkononi. Mafundi wa Kariobangi hufanya jaribio hilo bila hata kutazama.

Mlipe msaidizi kwa kipande kizima kilichopita ukaguzi, si kwa kila kilichotoka kalibuni, na umwambie hivyo kabla ya kuanza ili isije ikawa ugomvi Jumamosi. Mteja wa oda kubwa atoe arbuni inayotosha kununua shaba yote. Akikataa, kubali oda ndogo. Na ukishapata vipande 35 vizuri kati ya 40 kwa mwezi mzima mfululizo, nenda Barabara ya Kirinyaga ukaulizie bei ya mota.