Kusoma sinema darasani (2): Riwaya, filamu na maji ya Lualaba

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga huyamwaga katika Lualaba, na Lualaba huyachukua kupitia Kongolo, jirani na Kasongo, kisha Kindu, mpaka Ubundu ambako maporomoko huzizuia meli. Naanza na jiografia hii kwa makusudi. Kule juu, ziwani, Waingereza na Wabelgiji walipigana na Wajerumani mwaka 1915 na 1916. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitunga riwaya iliyochota katika vita hivyo, akaiita The African Queen. Na mwaka 1951 mwongozaji wa Kimarekani, John Huston, akaja kuipiga riwaya hiyo filamu huku chini, katika mto Ruiki karibu na mji wa Ubundu, ambao siku hizo uliitwa Ponthierville. Tukio, kitabu na sinema vimekaa kando ya maji yaleyale, na mwanafunzi wa Kasongo yuko katikati yake.

Wiki iliyopita tuliitazama kamera: inasimama wapi, inamtazama nani kutoka juu na nani kutoka chini. Leo natetea jambo moja. Njia fupi ya kumfundisha kijana asidanganywe na picha ni kumpa hadithi ileile mara mbili, kwanza kwa maandishi kisha kwa filamu, halafu kumwuliza nini kimebadilika na ni nani aliyefaidika na mabadiliko hayo.

Kwa nini riwaya na filamu, na si video za simu ambazo ndizo zinazotusumbua? Kwa sababu video ya WhatsApp humfikia kijana ikiwa imekwisha kukatwa. Anaambiwa hawa ni wapiganaji walioingia kijiji fulani cha Kabambare jana usiku, na hana kitu cha kuilinganisha nacho. Pengine ilipigwa nchi nyingine, miaka kumi iliyopita. Vipande vilivyotupwa havioni. Riwaya iliyofanywa filamu humwonesha vyote, kilichobaki na kilichotupwa, na akishazoea kuuona mkasi ukifanya kazi mahali unapoonekana, ataanza kuutafuta mahali unapofichwa.

Turudi ziwani. Wajerumani walikuwa na meli zao pale, na kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani na kuletwa Kigoma vipandevipande. Waingereza wakatuma boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya afisa mmoja mwenye majivuno mengi, Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye treni hadi Fungurume katika Katanga, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikapanda tena treni mpaka Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na hatimaye zikafika ziwani kwa reli. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini ile kubwa boti hizo hazikuigusa. Julai 1916, jeshi la Kongo lilipoikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Götzen baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito zisiharibike. Mwaka 1924 ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi baadaye ilibeba abiria na dagaa kati ya Kigoma na Mpulungu.

Sasa tazama meli hiyo inavyokufa katika matoleo matatu. Katika historia, imezamishwa na wenyewe. Katika riwaya ya Forester, ambako imepewa jina la Königin Luise, Mwingereza Rose Sayer na fundi Allnut wanateremka mto na kiboti chao wakikusudia kuilipua, lakini dhoruba inakizamisha kiboti kabla hawajafika. Wanakamatwa. Nahodha Mjerumani anaona aibu kuwanyonga, anawakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe, na boti za kijeshi za Kiingereza ndizo zinazokuja kuimaliza Luise. Juhudi yote ya wale wawili haikuzaa kitu, na mwandishi hata hataki kuamua kama ndoa yao itakuwa ya raha. Katika filamu, Rose na Allnut wamekwisha kuvishwa kitanzi, wanaomba wafungishwe ndoa kwanza, nahodha anawafungisha, na papo hapo meli inagonga mabaki ya kiboti chao yenye baruti. Inalipuka. Maharusi wanaogelea wakiimba.

Vijana wetu wanaoshinda kwenye nyumba za video wanaijua sheria hii kuliko profesa yeyote: akteri hafi. Watanzania husema steringi hafi. Kazi ya mwalimu ni kuwapeleka hatua moja mbele, wajiulize ni nani aliyeitunga sheria hiyo na analipwaje kwayo. Filamu ya Huston ilitengenezwa kwa fedha nyingi, iliwauza nyota wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kwa watazamaji waliotaka kutoka ukumbini wakitabasamu. Mtu aliyelipa tiketi amwone Bogart hatakubali kwamba Bogart alihangaika bure. Hata ile ndoa ya dakika ya mwisho ina maelezo yake. Hollywood wakati ule ilibanwa na kanuni za maadili zilizokuwa zikitekelezwa kwa nguvu tangu mwaka 1934, na mwanamume na mwanamke wasiooana kulala katika boti moja lilikuwa jambo la kuzungushiwa maneno. Forester alikuwa ameliandika bila kuzunguka. Kwa hiyo pale mwanafunzi anapoona mapenzi tu, mwalimu amwoneshe pia ofisi ya ukaguzi. Na sisi tusiwacheke Wamarekani: mwaka 1945 utawala wa Kibelgiji uliweka ukaguzi wake, kwamba Mkongomani asiingizwe kwenye sinema isiyopitishwa kwa ajili yake. Babu zetu hawakuachiwa kuchagua.

Darasani kazi hii si kubwa kama inavyosikika. Nakala arobaini za riwaya hazihitajiki. Moja yatosha, mwalimu wa Kifaransa ausome mwenyewe mwisho wa kitabu kwa sauti, akitafsiri kwa Kiswahili pale wanapokwama. Kisha kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: ungekuwa wewe mwenye kutengeneza filamu, ungeimalizaje? Hapo ndipo ioneshwe filamu, na si yote, dakika kumi na tano za mwisho tu. Utashangaa jinsi wengi watakavyokuwa wameuandika mwisho wa Hollywood bila kuuona. Hilo lenyewe ni somo: mtazamaji naye amefundishwa kutaka anachokitaka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho watalalamika kwamba haya hayaulizwi kwenye Exetat, mtihani wa taifa, na maprefe wa shule watauliza yamo katika ukurasa gani wa programu. Jibu ni kwamba insha ya kulinganisha matini mbili ni insha kama insha nyingine yoyote, na atakayeiandika vizuri hapa ataiandika vizuri kule.

Walimu wakipata nafasi ya sehemu ya pili, nawashauri waoneshe dakika za kwanza. Tuko katika kanisa la misheni, ndani ya kijiji cha Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Rose anapiga kinanda, jasho linamtiririka. Kaka yake, mchungaji, anapaza sauti ya wimbo wa Kiingereza. Na waumini wanatoa mngurumo usio na maneno wala tuni. Watazamaji wa 1951 walipaswa kucheka. Mara honi ya kiboti inasikika, Allnut anakuja, anatupa kipande cha sigara, na nje ya kanisa watu wanakigombania. Mwambie mwanafunzi atazame eneo hilo mara mbili, mara ya pili bila sauti, akihesabu ni nyuso ngapi za Waafrika zinazopewa sekunde tatu peke yake mbele ya kamera. Kisha mwulize: waumini hawa katika kijiji chao wangekuwa wanaimba lugha gani, na wangeimbaje? Darasa la Kasongo lina wanakwaya. Hawatakosa la kusema.

Baada ya tukio hilo watu weusi karibu wote wanatoweka, mto unabaki wa wazungu wawili. Hapa ndipo historia inapoisuta hadithi, riwaya na filamu kwa pamoja. Mimi na Toutou hazikuvuka Mitumba kwa ujasiri wa Spicer-Simson. Mamia ya vibarua wa Kiafrika walifyeka njia, wakajenga madaraja zaidi ya mia, wakasukuma na kuvuta. Na jeshi la Kongo lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 lilikuwa la askari weusi, nyuma yao msururu mrefu wa wapagazi waliokufa wengi njiani. Somo la vyombo vya habari lisilomfundisha mwanafunzi kumtafuta asiyekuwepo ni nusu ya somo.

Mfano mkali zaidi wa asiyekuwepo tunaupata kwa mwandishi Joseph Conrad. Alipanda mto Kongo mwaka 1890 mpaka Stanley Falls, Kisangani ya leo, na safari hiyo ikazaa Heart of Darkness, iliyotoka gazetini mwaka 1899 na kuingia kitabuni mwaka 1902. Francis Ford Coppola akaihamishia vita vya Vietnam katika Apocalypse Now ya mwaka 1979, na walimu wa dunia nzima hufundisha jozi hiyo. Wanaulizana Coppola kaacha nini cha Conrad. Mtu wa Kasongo ana haki ya kuuliza Conrad mwenyewe kaacha nini. Tangu mwaka 1887 wali wa Stanley Falls alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake hapa kwetu. Na alipoondoka kwenda Zanzibar mwaka 1890, jamaa zake walibaki. Kiswahili kilizungumzwa pale, wafanyabiashara wa pwani walikuwa pale. Ndani ya riwaya hakuna hata mhusika mmoja Mswahili. Conrad alitaka giza tupu, na mji wenye watu, misikiti na mashamba ya mpunga ungeliharibu giza lake.

Lugha ni kikwazo, sikatai. Filamu nilizotaja ni za Kiingereza. Anayetaka jozi ya Kiswahili anayo Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 iliyofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Inafaa hasa kwa swali la nini hupotea kitabu kinene kinapobanwa katika saa moja na nusu. Na zile filamu za Kichina na Kimarekani zinazosimuliwa juu yake na madijei wa Tanzania nazo zina kazi: dijei anaongeza mzaha, anambatiza akteri jina jipya, anamtia mdomoni maneno asiyoyasema. Mwanafunzi aliyemsikia dijei akifanya hivyo kwa mzaha hatashindwa kuelewa kwamba mwingine aweza kuyafanya hayohayo kwa hila, chini ya picha ya mwanasiasa.

Lakini mimi ningetaka darasa liishie kwenye kutengeneza, na maandishi ya kuanzia tunayo. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, kabla mwenyewe hajafariki Zanzibar mwaka 1905. Hayo si riwaya, ila yametungwa kama riwaya, na mtungaji ndiye akteri. Humo anasimulia, bila haya, jinsi alivyoipata nchi ya Utetera. Alikuwa amesikia kwamba dada wa mtemi mzee Kasongo Rushie alitekwa zamani, akajitangaza kuwa mjukuu wa mwanamke huyo. Mzee akaamini, akamwachia nchi. Habari ya uongo iliyotengenezwa kwa ustadi, ikasambazwa kwa mdomo, ikampa mtu utawala katika miaka ya 1870. Hakuna mfano wa kununua kutoka nje utakaoushinda huu.

Wape wanafunzi ukurasa huo na simu moja. Wachore kwanza picha sita: nani anaoneshwa, kamera iko wapi, nani anazungumza. Kundi moja lisimulie kwa jicho la Tippu Tip kama alivyoandika. Kundi la pili lisimulie kwa jicho la mzee Rushie. Kundi la tatu lichukue mpagazi aliyebeba pembe na hajui kabisa kinachozungumzwa. Kisha watoke waende Tongoni, palipokuwa Kasongo ya kale kabla askari wa kamanda Mbelgiji Dhanis hawajaiteka Aprili 1893, wapige dakika mbili tu kila kundi. Watagombana juu ya mahali pa kusimama na simu. Waache wagombane, ugomvi huo ndio masomo yenyewe.

Kwa wenye nyumba za video wa Kasongo na Kabambare nina ombi. Jumamosi asubuhi viti vyenu viko tupu na jenereta imezimwa. Mwalimu akija na wanafunzi wake, na shule ikalipa mafuta, wafungulieni mlango kwa saa moja. Wiki ijayo tutaitazama sauti: muziki unaotuambia tumwogope nani kabla hajaonekana.