Mlima, Mto na Ziwa ni Shamba Moja

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa yenye upepo ilinyesha Kasaba, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika sekta ya Ngandja, teritware ya Fizi. Mto Kasaba ulifurika. Ulishuka na mawe makubwa, miti na matope, ukazifagia nyumba zilizojengwa kandokando ya ziwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao watoto na wazee.

Wasomaji wapenzi, tulipopata habari hizo tulihuzunika kama ninyi. Lakini huzuni peke yake haimwokoi mtu wa mwaka ujao. Yafaa tuulize swali moja: mawe yale yalitoka wapi? Hayakuzaliwa kijijini. Yalitoka juu, mahali ambapo pengine aliyelala chini hakupata kufika hata siku moja. Hatusemi kwamba kosa ni la shoka la mtu fulani; mvua ya namna ile yaweza kuporomosha hata mlima wenye miti. Twasema tu kwamba atakaye kumlinda mtu wa bondeni, sharti aanze kutazama kilele.

Huo ndio moyo wa elimu iitwayo ekolojia ya mandhari. Jina ni refu, lakini maana yake si ngumu: ni elimu ya kuitazama nchi yote pamoja, tangu kilele hata ufuko, na kujua jinsi kila sehemu inavyoigusa nyingine. Jina hilo lilitungwa mwaka 1939 na Carl Troll, mwanajiografia wa Ujerumani, ambaye miaka ya 1933 na 1934 alikuwa ametembea Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Katika picha zilizopigwa kutoka ndegeni aliona jambo ambalo mtu asimamaye chini halioni upesi: msitu, udongo, maji na mashamba vimeshikana kama ukindu wa mkeka mmoja.

Mwanafunzi wa elimu hiyo hufundishwa kutafuta mambo matatu. Kwanza, vipande: hapa msitu, pale shamba, kule kinamasi, na ukubwa wa kila kimoja. Pili, njia zinazoviunganisha vipande hivyo, kama vile ukanda wa miti ufuatao mto, ambamo wanyama hupita na mbegu husafiri; wataalamu huziita shoroba. Tatu, nchi pana inayovizunguka vyote. Kisha huuliza: nikigusa hapa, nini kitatikisika kule?

Tuchukue mfano wa kwetu. Mji wa Baraka umekaa chini, kwenye ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Ukipanda kwenda Fizi, waiacha hewa ya ziwa na kuingia milimani. Juu watu wanalima mihogo na mahindi, na wengine wanachoma makaa. Chini watu wanavua, wanauza, wanapika. Kuni za jikoni zatoka juu. Tena wapikao wameongezeka: tangu mwaka 2015 kambi ya Lusenda imewapokea wakimbizi kutoka Burundi, nao wahitaji moto kama wenyeji. Hapana mwenye kulaumiwa kwa kumpikia mtoto wake. Lakini kila mzigo wa kuni una mteremko uliotoka, na mteremko uliovuliwa miti haushiki udongo wake.

Udongo huo waenda wapi? Waenda ziwani. Mwaka 1993 wataalamu walioichunguza Tanganyika upande wa kaskazini walitangaza matokeo ya kazi yao. Mbele ya miteremko iliyofyekwa sana, walikuta aina chache za viumbe chini ya maji kuliko mbele ya miteremko yenye miti. Tope huyafunika mawe ambayo samaki wengi hujilishia na kuzalia. Basi mvuvi wa Baraka na mkulima wa mlimani, ingawa hawajuani, wanalima shamba moja.

Ni nani, basi, apaswaye kufundishwa? Watu wengi hudhani ni wenye digrii tu. Shule kubwa zipo, nazo zina kazi yao: huko Kinshasa, tangu mwaka 1999, kwa msaada wa UNESCO, ipo shule iitwayo ERAIFT, inayowafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika kuisimamia misitu na ardhi kwa kuviangalia vyote pamoja. Lakini sheria yetu imempa kazi hiyo hata mtu wa kijiji. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yairuhusu jamii kuomba msitu wa mababu zake uwe wake kisheria, mpaka hektari 50,000, mradi iusimamie vema. Mwenye msitu amekuwa msimamizi. Na msimamizi asiyefundishwa ni kama nahodha asiyejua mwamba.

Tulitazame jambo la Itombwe, msitu mkubwa unaogusa Mwenga, Fizi na Uvira. Mwaka 2006 serikali iliutangaza kuwa hifadhi bila kuwauliza sawasawa wenyeji wake. Manung'uniko yakatokea, maana watu waliona mashamba na makaburi yao yameingizwa katika ramani wasiyoichora. Ikawa lazima kuanza tena. Mashirika na wakubwa wa vijiji walikaa pamoja, wakatembea, wakachora ramani kwa maneno ya wazee, wakatenga sehemu ya kulindwa kabisa na sehemu ya watu kutumia. Mipaka ilikubaliwa na mkoa mwaka 2016. Miaka 10 ilipita kwa sababu ya swali moja lililosahauliwa mwanzoni. Fundisho ni hili: ramani ya wataalamu bila wenyeji ina upofu wa jicho moja, na kumbukumbu ya wenyeji bila ramani ina upofu wa jicho la pili.

Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma, jambo hilo limejaribiwa kwa muda mrefu zaidi. Huko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, picha za setilaiti za mwaka 1972 na 1999 zilipolinganishwa zilionyesha jinsi msitu ulivyokwisha nje ya hifadhi. Sokwe walikuwa wamebaki kama kisiwani. Kazi iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa jina la TACARE ilianzia kwenye haja za watu: miche, maji, afya, elimu. Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu juu ya miteremko, na kuwachagua vijana wa kuilinda. Vijana hao walifundishwa kutembea msituni na simu mkononi, wakiandika mahali mti ulipokatwa au mtego ulipotegwa. Hawakuhitaji kuondoka kijijini ili wawe wasimamizi.

Twajua kwamba Fizi si Kigoma. Vita vimewahamisha watu mara nyingi, na yako mabonde ambayo leo mtu hawezi kuyatembea kwa amani. Mafunzo hayaondoi bunduki. Lakini palipo na utulivu, hata wa mwaka mmoja, kazi yaweza kuanza.

Ninyi walimu, wapelekeni wanafunzi juu ya kilima kilicho karibu, wachore kijito kimoja tangu chanzo mpaka mdomo wake, na kila kilicho kando yake: shamba, tanuri la makaa, kisima, nyumba. Ninyi wakubwa wa vijiji, kabla ya kumgawia kijana kiwanja karibu na mdomo wa mto, mwulizeni mzee mwenye kumbukumbu: maji yaliwahi kufika wapi? Ninyi agronomu, msikilizeni mama alimaye mteremko ule kabla ya kumpa shauri.

Mawe yaliyoshuka Kasaba yalikuwa juu muda mrefu kabla ya usiku ule. Juu ya vijiji vingine yako mawe kama hayo hata leo. Twende tukayatazame kungali mchana.