Kitabu Kimoja Kinene au Vitabu Vyembamba? Namna ya Kuchagua Michezo ya Shakespeare



Wenzetu wa kikundi kimoja cha kusoma huko Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, wametuletea swali. Wote walijifunza kusoma ukubwani. Wamo mama lishe, mafundi ujenzi na wauza mboga. Kila Jumamosi jioni hukutana na kusoma kwa sauti, ili kisomo walichokipata kisiwapotee.

Sasa wamechanga fedha za kununua michezo ya kuigiza ya Shakespeare. Mmoja wao amekiona kwa muuza vitabu vikuukuu mjini kitabu kikubwa chenye michezo yote ya mwandishi huyo pamoja. Anasema, "Tununue hiki hiki, tutakuwa tumemaliza kazi." Wengine wanataka vitabu vidogo vya Kiswahili. Wamebishana wiki tatu, na wawili wameshaanza kukosa kufika. Fedha yenyewe ndiyo hiyo hiyo. Ikipotea, hakuna nyingine. Tumeona tulijibu swali lao hapa, maana linawahusu wengi.

Shakespeare ni nani?

William Shakespeare alikuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1564 na akafa mwaka 1616. Baba yake alikuwa fundi wa kushona mifuko ya mikono ya ngozi. Shakespeare mwenyewe alikuwa mwigizaji, na michezo yake aliiandika ili ichezwe mbele ya watu. Wengi waliokuja kuitazama hawakujua kusoma. Kwa hiyo msiogope jina lake. Michezo hii ni ya kusikika kwa masikio kwanza.

Kitabu cha michezo yote kilitokeaje?

Alipokufa, karibu nusu ya michezo yake ilikuwa haijapigwa chapa. Ilikuwa katika makaratasi ya waigizaji tu. Wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakaikusanya. Mwaka 1623 kikatoka kitabu kimoja chenye michezo 36. Bila kazi yao, huenda leo tusingekuwa na *Macbeth* wala *Julius Caesar*.

Kwa hiyo kitabu cha pamoja kina faida: kinahifadhi. Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Ghala hutunza mahindi ya kijiji kizima, lakini mtu hapiki ghala. Huchukua debe lake akaenda nalo nyumbani.

Kwa Kiswahili tunacho nini?

Hapo ndipo penye jambo. Kitabu kile kinene ni cha Kiingereza, tena Kiingereza cha zaidi ya miaka 400 iliyopita. Hata Waingereza wenyewe huhitaji maelezo pembeni ndipo waelewe.

Kwa Kiswahili, kazi hii ilianza zamani. Katika karne ya 19 huko Unguja, mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi fupi zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Hizo zilikuwa hadithi za kusimuliwa, si michezo yenyewe.

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar*. Baadaye aliipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwaka huo huo akatoa *Mabepari wa Venisi*. Naye S. S. Mushi alifasiri *Makbeth*, kilichotoka mwaka 1968, na *Tufani*, mwaka 1969. Hivyo, mtu anayetaka Shakespeare kwa Kiswahili anaweza kuanza na vitabu hivi vinne, kila kimoja na jalada lake.

Mambo matano ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Moja. Tazama ni mchezo wenyewe au ni hadithi iliyofupishwa. Katika mchezo utaona jina la msemaji, kisha maneno yake. Ukiona masimulizi matupu, hicho ni kitabu kingine. Si kibaya, ila hamwezi kugawana sehemu za kusoma.

Mbili. Tazama jina la mfasiri na mwaka wa chapa. Kwa mfano, *Juliasi Kaizari* ya 1969 ndiyo aliyoipitia Mwalimu mara ya pili. Msikubali iwe nusu yenu mnayo ya 1963 na nusu ya 1969. Maneno yatapishana na mtasomana vibaya.

Tatu. Hesabu kurasa. Vitabu vikuukuu mara nyingi hukosa karatasi za mwisho, na mwisho wa mchezo ndipo penye hukumu. Fungua mwanzo, katikati na mwisho, muuzaji akinuna na anune.

Nne. Tazama ukubwa wa herufi. Vitabu vya michezo yote hupita kurasa 1,000, na herufi zake huwa ndogo kama punje za mtama. Jioni, kwa macho ya mtu mzima aliyeshinda jikoni penye moshi, hazisomeki.

Tano. Tazama kama majina ya wahusika yameorodheshwa mwanzoni. Orodha hiyo ndiyo itakayowasaidia kugawana sehemu.

Ushauri wetu

Sisi tunasema: kile kinene kiacheni. Wala msinunue vitabu vinne tofauti, kimoja kimoja. Kama fedha yenu inatosha vitabu vinne, nunueni nakala nne za mchezo mmoja. Watu wawili wawili watashika nakala moja, kila mmoja na sehemu yake. Mkiwa na nakala moja tu, msomaji hodari ndiye atakayeishika kila siku, na wengine watakuwa wasikilizaji. Baada ya miezi michache wasikilizaji hao watarudi walikotoka, wasiweze kusoma hata barua. Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko fedha.

Anayetaka kukiona kile kinene aende akaulize Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, akifungue bila kukinunua.

Tuanze na upi?

Tungeanza na *Mabepari wa Venisi*. Mfanyabiashara Antonio anamdhamini rafiki yake. Anakopa fedha kwa Shylock kwa miezi mitatu. Hati inasema akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Anatia saini huku akicheka, kwa sababu merikebu zake ziko njiani. Kumbe habari zinakuja kuwa merikebu zimezama.

Nani katika Goba asiyeijua hadithi hii? Wapo akina mama waliochukua ile mikopo inayoitwa "kausha damu", wakaweka rehani kitanda na majiko. Mchezo huu unafundisha jambo ambalo mhitimu wa kisomo hana budi kulishika: hati husomwa kabla ya saini, si baada. Na katika baraza la hukumu, Portia anamwokoa Antonio kwa kuisoma hati ile ile neno kwa neno. Hati imetaja nyama, haikutaja damu.

Lakini msiishie hapo. Shylock ni Myahudi, na kabla ya hapo alikuwa akitukanwa na kutemewa mate kwa ajili ya dini yake. Mwishoni ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Je, hiyo ni haki? Na kwa nini Mwalimu alichagua neno "mabepari" badala ya "wafanyabiashara"? Hayo ni maswali ya kujadiliana Jumamosi nzima.

Mkimaliza, someni *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka 1969, kinachohusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Hicho hakikufasiriwa kutoka kwa Waingereza. Ni chetu, kilitungwa kwa Kiswahili chetu. Mtaona wenyewe kwamba mwandishi wa kwetu naye anastahili kukaa rafu moja na Shakespeare.

Basi, ndugu zetu wa Goba, rudianeni. Waiteni wale wawili walioacha kuja, na mmoja wao apewe sehemu ya Antonio. Mwingine apewe ya Portia. Mtu mwenye sehemu yake ya kusoma hakosi kufika.