Ujumbe Unaotunza Mishipa Midogo ya Damu

Wasomaji wenzangu, katika miili yetu imo mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, iitwayo kapilari. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi aliiona kwa darubini katika mapafu ya chura. Ukuta wake ni tabaka moja tu la chembe hai. Nataka kuwaeleza namna ukuta huo unavyotunzwa.

Chembe za ukuta haziishi kwa chakula na hewa tu. Zahitaji pia ujumbe. Chembe jirani hutoa protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, na mojawapo iliyo mashuhuri ni VEGF. Protini hii hushika kipokezi kilicho juu ya chembe ya ukuta, mfano wa ufunguo katika kufuli, na amri hupita ndani: ishi, jitengeneze. Ujumbe ukikatika, chembe huvimba au hufa.

Tutazame figo. Chujio lake ni fundo la kapilari, na chembe zinazolizunguka ndizo zitoazo VEGF. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevasizumabu, dawa inayozuia VEGF ili saratani isiote mishipa mipya. Iliwasaidia wagonjwa, lakini baadhi yao shinikizo la damu liliwapanda, na protini ikaonekana katika mkojo. Adui alikatiwa njia, na chujio nalo likakosa mlinzi.

Jambo lifananalo na hilo huwapata baadhi ya mama wajawazito. Kondo la nyuma humwaga katika damu protini nyingi iitwayo sFlt-1, ambayo huinasa VEGF kabla haijafika mahali pake. Shinikizo hupanda, mkojo huwa na protini, na mama asipotibiwa mapema aweza kupatwa na kifafa cha mimba, akafa yeye au mtoto.

Wala wingi wa ujumbe si heri. Mwenye kisukari cha muda mrefu, jicho lake likikosa oksijeni hutoa VEGF kupita kiasi. Mishipa dhaifu huota, huvuja, na mtu aweza kupofuka.

Basi tujifunze kwamba afya ya mishipa hii ni kadiri. Tena, tuwaambie dada na mama zetu walio wajawazito wasikose kliniki hata wakijiona wazima. Kile kipimo cha mkojo na cha shinikizo la damu ni habari za mishipa ambayo macho hayawezi kuiona.