Mngurumo si nguvu: Kuchagua ekzosi ya gari la turbo kati ya Kasese na Bwera

KASESE, Uganda

Barabara ya kutoka Kasese huteremka kusini hadi Kikorongo, kisha hukata kulia kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Katika njia hiyo, Subaru ya turbo husikika kabla haijaonekana. Vijana wa boda boda hugeuza shingo, wachuuzi wa pembeni husogeza vikapu.

Kwa wamiliki wengi wa magari hayo, kitu cha kwanza wanachotaka kubadilisha ni ekzosi. Wengine hutafuta sauti, wengine nguvu, na wengine wamelazimika tu kwa sababu bomba la zamani limeoza. Lakini uamuzi huo unagusa mambo mazito kuliko sauti: uhai wa injini, pesa ya mwenye gari, na wakati mwingine pumzi ya watoto waliolala kiti cha nyuma.

Mapenzi ya Subaru katika ukanda huu yana historia. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Impreza WRX ilipotoka Japani mwaka 1992, haikuchukua muda kuingia kwenye vumbi hilo. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000. Magari hayo yalipoanza kuuzwa kwa bei ya mtumba, Impreza na Forester zikawa ndoto iliyo karibu na mfuko wa mfanyabiashara wa kahawa au mtumishi wa umma.

Kwanza, hakikisha ni turbo

Si kila Forester ina turbo. Nyingi zilizoko barabarani zina injini ya kawaida ya lita 2. Kwa modeli nyingi za Subaru, dalili ya haraka ya turbo ni tundu la hewa juu ya boneti, maana chini yake hukaa kipoza hewa. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu kanuni ya ekzosi ya gari la kawaida haifanani na ya gari la turbo.

Turbo huendeshwa na moshi wenyewe. Moshi wa moto ukitoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Kadiri moshi unavyopata njia rahisi ya kutoka baada ya turbo, ndivyo gurudumu linavyozunguka upesi. Kwa hiyo gari la turbo hufaidika zaidi na bomba pana kuliko gari lisilo na turbo.

Mji wa Kasese uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya kumi likilinganishwa na pwani ya Mombasa. Turbo hulazimika kuzunguka zaidi ili kufikisha kiwango kile kile cha hewa, na hapo ndipo makosa ya ekzosi huonekana mapema.

Sehemu tatu, bei tatu

Mfumo wa kutolea moshi una sehemu tatu za kufikiria. Ya kwanza ni mikono inayokusanya moshi kutoka kwenye injini hadi kwenye turbo. Ya pili ni bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, ambalo mafundi huliita dauni-paipu, na katika magari mengi ndani ya sehemu hii mna katalitiki, kile kichujio cha gesi zenye sumu. Ya tatu ni bomba la katikati pamoja na sailensa ya nyuma.

Kubadilisha sehemu ya tatu peke yake ndiko kwenye hatari ndogo. Sauti hubadilika sana, nguvu huongezeka kidogo, na kwa kawaida kompyuta ya gari haihitaji kuguswa. Kwa mtu anayetumia gari kila siku kati ya Kasese na Bwera, hapo panatosha.

Kubadilisha dauni-paipu ndiko kunakoleta nguvu ya kweli, na ndiko kunakoua injini. Njia ikifunguka ghafla, turbo husukuma hewa nyingi kuliko ilivyopangwa kiwandani, na kile kilango kinachopunguza kasi ya turbo huweza kuzidiwa. Mafuta yasipoongezwa kulingana na hewa hiyo, mchanganyiko huwa mkavu, joto hupanda, injini hugonga. Katika injini za Subaru za mfululizo wa EJ, mahali panapovunjika mara nyingi ni kwenye pistoni, kati ya ringi na ringi. Baada ya hapo, mazungumzo ni ya kununua injini nyingine.

Kuna jambo la petroli pia. Injini nyingi za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Gari hilo tayari linaishi karibu na ukingo. Bomba pana bila kupanga upya kompyuta hulisukuma. Kwa hiyo gharama ya dauni-paipu ihesabiwe pamoja na gharama ya fundi wa kompyuta mwenye mashine ya kupimia nguvu. Pesa ya mambo yote mawili isipotosha, bora bomba la kiwandani libaki.

Inchi ngapi?

Swali la upana huulizwa kila gereji. Kutoka inchi 2.5 hadi inchi 3, nafasi ya kupita moshi huongezeka kwa asilimia 44. Ongezeko hilo lina maana kwa gari linalotoa nguvu za farasi 300 au zaidi. Subaru nyingi zilizotoka Japani hazifiki huko: watengenezaji wa nchi hiyo walikuwa na makubaliano ya kutozidi 280 hadi mwaka 2004, na Forester ya turbo ya miaka ya 2002 hadi 2007 ilikuwa na 220. Kwa gari kama hilo, inchi 2.5 iliyopindwa vizuri huzidi inchi 3 iliyokunjwa vibaya. Bomba lililobonyea kwenye kona hunyima moshi nafasi ile ile iliyolipiwa.

Ule mngurumo wa Subaru

Wengi hununua sailensa wakitafuta mngurumo wa kukatika-katika uliozoeleka. Sauti hiyo haitoki kwenye sailensa. Hutoka kwenye mikono ya injini yenye urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi hufika kwenye turbo kwa nyakati zisizo sawa. Legacy ya turbo ya Japani ya mwaka 2003 ilikuja na mikono yenye urefu sawa, na mngurumo ukapotea. Mwenye gari la aina hiyo anaweza kubadilisha sailensa mara tano. Atapata kelele zaidi, si sauti anayoitafuta.

Sailensa ya mashindano pia huleta mvumo mzito ndani ya gari injini ikizunguka kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika, yaani mwendo wa kawaida wa safari. Dakika 5 za majaribio mjini hazitoshi kuligundua hilo. Gari lijaribiwe barabara ndefu, madirisha yakiwa yamefungwa.

Katalitiki: usiuze kwa haraka

Ndani ya katalitiki mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani. Ndiyo maana mwenye gari huweza kuambiwa kwamba "imeziba" na aiache gereji. Zamani hoja hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu petroli yenye risasi iliiharibu kweli. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Katalitiki isiyoharibika ina kazi yake: hupunguza kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Gesi hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Bomba lililochomelewa vibaya likivuja chini ya sakafu, huingia ndani ya gari bila kujulikana. Abiria huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia. Katika safari ya usiku, watu hudhani ni uchovu tu. Baada ya kila kazi ya kuchomelea, injini iwashwe ikiwa baridi, mdomo wa bomba uzibwe kidogo kwa kitambaa, na maungio yapakwe maji ya sabuni. Mapovu yakitokea, kazi irudiwe.

Chumvi, matuta na majani makavu

Chuma cha kawaida ni rahisi kununua na kuchomelea, lakini huoza upesi. Chuma cha pua hugharimu zaidi na huishi miaka mingi. Kwa gari linalopita mara kwa mara Katwe, ambako ziwa huchimbwa chumvi, tofauti hiyo huonekana, maana chumvi na unyevu hula chuma.

Bomba lining'inialo chini ya sakafu halifai kwa matuta ya barabarani wala kwa njia za udongo za kupanda milimani juu ya Bwera. Kipande kinachonyumbulika na raba imara za kushikia huzuia nyufa. Moshi wa turbo injini ikibanwa huweza kupita nyuzi 800 za joto, kwa hiyo kuegesha juu ya majani makavu ni kukaribisha moto.

Sheria na jirani

Uganda ina kanuni za viwango vya kelele tangu mwaka 2003, na usiku viwango huwa chini zaidi. Barabara hiyo pia hupita Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka, kabla ya kufika Bwera yenye hospitali na makazi. Ongezeko la desibeli 10 husikika kama kelele imezidi maradufu.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kasindi, mafundi waliozoea Kifaransa huliita bomba lile lile eshapema, na magari huendeshwa upande wa kulia. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kipuri kinachovuka bado hupita forodhani, risiti itunzwe.

Anayenunua sailensa ya mtumba ya Kijapani aangalie kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji sailensa wa Japani, kinachoonyesha kwamba ilitengenezwa kwa viwango vya kelele vya huko. Aangalie pia namba ya modeli ilingane na gari lake. Na kabla msumeno haujagusa chochote, bomba la kiwandani lifunguliwe kwa bolti na lihifadhiwe nyumbani. Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka 15, na Kenya hairuhusu yanayozidi miaka 8. Vipuri vya asili vya magari hayo ya zamani vitazidi kuwa adimu, na mnunuzi wa kesho atauliza kwanza: bomba lake la kiwandani liko wapi?